Uzito wa Dereva

Mimi na lile gari tulikuwa wake wenza. Nasema bila aibu, maana mtaa wetu mzima hapa Llanelli unajua. Jekundu, viti viwili, paa la turubai linalovuja, na mngurumo wa kuamsha maiti. Mume wangu Glyn alilinunua kabla hajanioa, na kila Jumamosi alikuwa chini ya tumbo lake, imebaki miguu tu nje. Mimi ni mpishi wa shule, mikono yangu inanuka vitunguu. Yake ilinuka grisi. Tukazoeana.

Kuliendesha sikuruhusiwa. "Wewe Meinir unagombana na gia kama unavyogombana na wifi zako," alikuwa akisema. Nami nilimjibu abaki na bibi yake, mimi nina basi.

Kisha saratani ikamwingia tumboni, ikamla mpaka suruali zake zikawa zinasimama kwa hisani ya mkanda. Daktari akatukalisha wote wawili, akasema maneno yake. Glyn aliyasikia. Mimi nilikataa kuyasikia. Kuugua si kufa, nikamwambia daktari yule, nikachukua koti langu.

Kwa hiyo Glyn alipoagiza springi na shokapu mpya za magurudumu yote, nilifurahi kupita kiasi. Mtu anayenunua springi, nikajiambia, bado ana safari. Nilishikilia hilo kwa meno: gari likitengenezwa, naye atapona.

Mdogo wake, Aled, alikuja kufanya kazi ya mikono. Wakalipandisha gari juu ya stendi za chuma mbele ya nyumba. Glyn akakaa kwenye kiti cha jikoni, blanketi magotini, anatoa amri.

"Hiyo nati ya kushoto umeipaka mafuta?"

"Nimeipaka."

"Mbona unaivuta kama unakamua ng'ombe?"

"Kaka, ungekuwa na nguvu za mkono kama za mdomo, ningekuwa nyumbani nimelala."

Mimi nilikuwa nikileta chai na kucheka. Siku nyingi sikuwa nimecheka.

Sasa, kuna jambo ambalo Glyn na wenzake wa klabu ya magari hawalifanyii mzaha. Vyuma vinavyoshika magurudumu vina bushi za mpira, na nati zake hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Ukizikaza hewani, gari likishuka mpira unajisokota, na haukawii kuchanika. Basi gari linashushwa kwanza juu ya mbao nene, linasimama kwa magurudumu yake, dereva anaketi kitini. Springi zinazungushwa pete zake, zile za kupandisha na kushusha gari, mpaka pande zote zilingane kimo, ndipo nati zinakazwa. Anayepimwa ni dereva. Abiria hapimwi, wanasema, abiria leo yupo, kesho kashuka.

Springi zilipokwisha kufungwa na gari kushushwa juu ya mbao, tukamnyanyua Glyn kumweka kwenye usukani. Nilijiandaa kwa mzigo, kumbe ningeweza kumbeba peke yangu. Aled akapima kwa futi juu ya kila gurudumu, akapima tena. Upande wa dereva ulikuwa juu.

"Springi mpya hizi, zina kiburi," Aled akasema bila kuniangalia. "Nitashusha pete kidogo."

"Usishushe," nikamwambia. "Shemeji, ukishusha leo, akirudisha mwili wake litalala upande. Ngoja."

Nikaingia jikoni, nikatoka na gunia la viazi. Nikampakatisha. Nikarudi, nikaleta la pili, nikaliweka miguuni pake. "Haya, pima sasa," nikasema. "Huyu ndiye Glyn."

Aled alipima. Pande zote zililingana. Glyn alitazama viazi mapajani pake, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nami nikasubiri kiishe.

"Vitoe, mke wangu," akasema. "Nitoe na mimi. Kaa wewe."

"Sikai."

"Gari linapimwa kwa mtu atakayeliendesha."

"Ndiwe sasa. Kwani kuna mwingine?"

Aliweka mkono juu ya gunia. "Meinir, daktari alituambia wote wawili," akasema. "Lakini miezi yote hii nimekuwa nikijua peke yangu. Nimechoka kujua peke yangu."

Nilikasirika. Nilitaka kumpiga, wallahi, mgonjwa yule, kwenye kiti chake. Halafu nikamwona shingo ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola, nikaona jinsi nilivyomwacha. Nilikuwa nampikia, namwogesha, nalala naye kitanda kimoja, na nilikuwa nimemwacha.

Tukamrudisha kwenye kiti cha jikoni. Viazi nikaviweka chini. Nikaketi.

Aled alizungusha pete upya, kisha akaingia chini kukaza. Nikamsikia anavuta kamasi. "Grisi imeniingia machoni," akasema kutoka kule chini, na hakuna aliyembishia. Mimi machozi yalikuwa yananitoka juu ya usukani.

"Tulia," Glyn akaniambia. "Ukilia hivyo linatikisika, Aled atakaza vibaya."

Nikajaribu kutulia. Spana ikalia, nati baada ya nati, mpaka ya mwisho. Glyn akaomba futi, akajikongoja kulizunguka gari, akapima mwenyewe.

"Limekaa," akasema.

Jioni ile nilimpeleka ufukweni, yeye kiti cha abiria, blanketi mpaka kidevuni. Nilikwaruza gia njia nzima. "Wifi zako wanakusikia," akasema. Njiani tuliongea yote: mazishi, nyimbo anazozitaka kanisani, nani asipewe spana zake. Tulirudi, nikachemsha viazi, akala kimoja kizima.

Krismasi haikumkuta.

Siku hizi naliendesha Jumapili. Aled hulipima mara kwa mara mimi nikiwa ndani, na kila mara ananiambia pande zote ziko sawa. Kiti cha kushoto, cha abiria, kitupu, na gari limesimama sawasawa, kama alivyotaka. Siku nyingine natamani lingeinama kidogo upande wake.