Krenki Fupi za Mama Mkwe

Goti la kushoto la mama mkwe lilikubali kukunjwa hadi mahali fulani, kisha likagoma. Ukililazimisha, linauma, na likiuma anashinda siku mbili bila kupanda hata ngazi. Miezi saba sasa, tangu aanguke na baiskeli, alikuwa muuguzi wa kukaa mezani na kujaza kadi, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa aliwazungukia wagonjwa majumbani mwao. Sasa zahanati imempa Ijumaa moja tu. Aende mzunguko wake wote na mkoba wa dawa, kilima kikiwemo, msimamizi akimfuata kwa pikipiki. Akishindwa, kazi anapewa mwingine na yeye anastaafu mapema. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na kukaa bure hakukujua.

Kazi ya kumrudisha barabarani ikamwangukia mkwewe, fundi baiskeli, na huyu naye alikuwa na lake moyoni.

Watu wote walijua kwamba mama aliangushwa na shimo. Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja shimo hilo, siku ile ile, kwenye benchi la hospitali, na shimo kweli lilikuwepo. Lakini asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameifungua krenki ya kushoto ya baiskeli ya mama, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, ili abadilishe gololi. Akairudisha, akaifunga nati kwa vidole, na kabla hajashika spana akaingia mteja mpiga soga na habari za mpira. Nati ikabaki vile vile. Fundi mzima, mwenye kibao mlangoni, kasahau kukaza nati moja! Na badala ya kuziba ufa akaanza kujenga ukuta wa uongo, tofali juu ya tofali, kwa miezi saba. Kila alipomwona mama anateremka ngazi kwa ubavu, aligeuza uso.

Alichomweleza mkewe kilikuwa rahisi. Krenki ikiwa fupi, pedeli inazunguka duara dogo, na goti halilazimiki kukunjwa sana mguu unapofika juu. Ila fupi kiasi gani? Hapo ilibidi goti lipimwe, na mtu hashiki goti la mama mkwe wake, heshima ni heshima. Basi fundi akakata vipande vya katoni, kila kimoja na pembe yake, akamkabidhi mkewe, akageuka kuutazama ukuta. Mama alikaa juu ya meza, binti akawa anakunja mguu na kupachika katoni moja baada ya nyingine, na fundi akiuliza majibu huku anasoma kalenda ya mwaka juzi. Mama alicheka siku hiyo. Akasema katika maisha yake amepimwa na wengi, lakini kupimwa na mgongo wa mtu ndiyo mara ya kwanza.

Krenki za zamani zilikuwa na sentimita kumi na saba. Juu ya benchi la karakana fundi alikuwa na jozi mbili za kuchagua. Moja ilitoka kwenye baiskeli ya mtoto, sentimita kumi na mbili na nusu, na kwa goti hiyo ilikuwa raha tupu, lakini kwenye kilima mama angekanyaga mpaka achoke bila nguvu kufika kwenye gurudumu. Ya pili ilikuwa kumi na nne na nusu. Aliipima kutoka katikati ya tundu la ekseli hadi katikati ya tundu la pedeli, si kutoka ncha hadi ncha kama wafanyavyo mafundi wa kubahatisha, akaichagua hiyo, na nyuma akaweka gia kubwa zaidi ili kilima kiwe chepesi.

Kazi haikuishia hapo. Krenki ikipungua sentimita mbili na nusu, pedeli ya chini nayo inapanda kiasi hicho hicho, kwa hiyo kiti lazima kipandishwe sawasawa ili mguu unyooke vizuri. Na faida yake ni tamu: kule juu pedeli imeshuka mbili na nusu, kiti kimepanda mbili na nusu, goti limepata tano. Usukani nao akaupandisha, mama asiiname sana. Nati za krenki alizikaza mara tatu, mpaka spana ikalia.

Mama alipoijaribu uani, goti likapita bila kinyongo. Tatizo lilikuwa kusimama, kwa sababu sasa ncha za vidole tu ndizo zilizofika chini. Fundi akamweleza kwamba akitaka kusimama ateleze kwanza mbele, ashuke kwenye kiti. Mama akasema amesikia. Nimesikia ya mama mkwe si lazima iwe nimekubali.

Ijumaa asubuhi, mbele ya zahanati, fundi aliitazama baiskeli mara moja tu akajua. Kiti kilikuwa kimeshushwa, na si kidogo, vidole vitatu vizima. Aseme nini? Msimamizi alikuwa hapo hapo na fomu yake, na kusema ni kumtangaza mama kuwa ana woga. Tena msimamizi huyu ndiye mwenye baiskeli kumi na moja za zahanati, zote zinazotengenezwa kwa fundi. Akapanda baiskeli yake na kufuata nyuma, spana mfukoni, akijidanganya kwamba labda goti litavumilia.

Tambarare ilikwenda vizuri. Nyumba tatu, wagonjwa watatu, mama akifunga vidonda na kutania kama zamani. Kisha kilima. Mita hamsini za kwanza alipanda. Halafu kiuno kikaanza kuinuka upande wa kushoto, akiutafutia mguu nafasi ambayo haikuwepo, baiskeli ikayumba, na mguu wa kulia ukatua chini.

Msimamizi akazima pikipiki. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotisha, maana mtu mbaya ungeweza kubishana naye. Alisema kwa upole kwamba wasiumizane bure, wamejaribu, kisha akafungua kalamu.

Fundi alifika akihema. "Mama, kiti kimeshuka."

"Nimekishusha mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Nataka mguu ufike chini. Kitu kikichomoka, niwe na pa kukanyaga."

Hakusema nikiingia shimoni. Alisema kitu kikichomoka, na alimwangalia machoni aliposema. Fundi angeweza bado kuitikia tu, apandishe kiti, maisha yaendelee. Lakini aliona wazi kwamba mama hatakaa juu ya kiti kile akiwa hajui kilichomwangusha, na kalamu ilikuwa inaandika. Akapiga moyo konde.

"Haikuwa shimo," akasema. "Nati ya krenki sikuikaza. Niliiweka kwa vidole, nikaisahau. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Kalamu ikasimama.

"Najua," mama akasema. "Pedeli ilinitoka mguuni kabla sijalifikia shimo. Nimekaa miezi saba nangoja uniambie."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, binti yangu afanye nini? Anakupenda." Akanyoosha kidole kwenye krenki. "Na hizi umezikaza?"

"Nimezikaza."

"Kaza tena. Nione."

Fundi akapiga magoti barabarani. Nati ya kulia haikusogea, ya kushoto haikusogea. Mama akamwondoa mkono, akaishika spana mwenyewe, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea. Akaagiza kiti kipandishwe, na kilipofika mahali pake akamgeukia msimamizi na kumwomba aandike kwamba amesimama kidogo kukagua chombo.

Fundi alimshikia baiskeli hadi akakaa, kisha akaachia. Msimamizi aliipiga pikipiki yake teke, na kabla hajaondoka akasema, bila ukali, kwamba Jumatatu watatuma mtu kuzichukua zile baiskeli kumi na moja.

"Sawa," fundi akasema. Hakumtazama. Alikuwa analitazama goti la kushoto likipanda na kupita, likipanda na kupita, mita baada ya mita, na alilia pale katikati ya barabara bila kujificha mpaka mama alipovuka kilele.