Mlango wa Kabati la Dawa

Pale shuleni kuna ngazi moja iliyomeguka, ya mwisho kabla hujaingia darasa la pili. Mimi ilining'oa jino nikiwa mwanafunzi. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwambia mama yangu kwamba matengenezo yako kwenye mpango. Mama tumeshamzika, mwalimu yule naye tumeshamzika, na ngazi ingali pale, inasubiri meno ya watoto wa leo.

Mimi sisahau, na hilo ndilo linalowachosha watu. Nakumbuka bomba lilikauka zama za nani, choo cha wasichana kilikosa komeo tangu lini, na nani alisimama mbele yetu akaapa nini. Kila mkutano wa wazazi nilikuwa nikinyanyuka na neno langu moja: lini? Walimu wakanibatiza Bi Lini. Nashona nguo barazani, kando ya njia ya shule, basi wakiniona nakata kona na tepu yangu ya kupimia shingoni, huambiana, "Lini huyo, anakuja," na wenye miguu myepesi hutokea mlango wa nyuma.

Mwaka huu nikachoka. Bomba niliwaachia, choo niliwaachia. Nguvu kidogo iliyobaki niliiweka kwa mtu mmoja, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye namlea mimi. Wenzake wanamwita Kipenga kwa sababu kifua chake kikibana hupiga filimbi. Ana pumu. Dawa yake ni kile kipampu cha kuvuta kwa mdomo. Akikipata mapema, haichukui muda yuko uwanjani anakimbia. Akikikosa, midomo hubadilika rangi. Rangi hiyo naijua. Baba yake alikuwa na kifua hichohicho, na ndicho kilichomwondoa.

Sasa, asubuhi watoto hufagia madarasa makavukavu, kwa sababu maji ya kunyunyiza hakuna. Vumbi husimama hadi mlangoni. Na dawa zote za wanafunzi hukaa ofisini, kwenye kabati lenye kufuli. Sheria hiyo ilikuja baada ya mtoto mmoja kugawia wenzake vidonge vya bibi yake kama peremende. Sikuipinga. Nilimwomba tu Mwalimu Mkuu kipampu cha Kipenga kikae kwenye droo ya mwalimu wa darasa lake. Akanijibu kwa upole, huku akipanga kalamu zake mezani, kwamba akimruhusu mmoja itabidi awaruhusu wote. Tena ufunguo hauko mbali, akasema, anao shingoni mchana kutwa. Kweli ulikuwa shingoni, kwenye kamba nyekundu. Aliuinua nikauona, kama mtu anayemwonyesha mtoto mwanasesere anyamaze.

Nikaenda ofisi ya elimu kushtaki. Wakaniambia njoo wiki ijayo. Wiki ijayo wakaniambia afisa ametoka. Safari iliyofuata niliacha gauni la bibi harusi halina mikono, mwenyewe amenuna, nikaenda kukaa tena kwenye lile benchi la korido. Karani alinitazama kama anayetazama mvua inaanza na nguo zake ziko kambani. Afisa yuko kikaoni na walimu wakuu, akasema. Wanazungumzia afya ya wanafunzi.

Kukawa na joto, wakaufungua mlango wa kikao wapate hewa. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa kiti cha mbele, ameinama anaandika. Kamba nyekundu ilikuwa shingoni kwake.

Hotuba yote niliyoipanga ikanitoka kichwani. Sikubisha hodi. Nilipenya kati ya viti mpaka nikamfikia.

"Mwalimu," nikamwambia, "ufunguo uko hapa. Mtoto yuko kule."

Alianza kunikaripia kwa macho. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe shingoni, ukaushika ufunguo, na uso ukamshuka. Hakuaga mtu.

Tukashika njia ya shuleni mbiombio. Yeye na viatu vya kisigino, mimi na malapa. Kwenye mwinuko akavivua akavishika mkononi, akaendelea pekupeku juu ya changarawe. Nilikuwa najiambia labda leo hakubanwa, mbona siku nyingi hupita salama, lakini ile rangi ya midomo ilikuwa imenitangulia njiani.

Mlango wa kabati tuliukuta sakafuni, bawaba zimeng'oka. Kipenga alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu, mgongo wima, kipampu mkononi. Kifua bado kilipiga filimbi, lakini filimbi ya mbali. Midomo ilikuwa midomo yake. Kando yake alisimama mwalimu wake wa darasa la pili, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, shati limemganda kwa jasho na kiganja kimechubuka. Alikuwa bado ameshika mguu wa dawati.

"Shangazi," Kipenga akasema kwa pumzi za kukatakata, "mwalimu amevunja kabati. Atachapwa?"

Kijana alieleza huku anatazama chini: mtoto alianza kukohoa baada ya kufagia, ufunguo aliutafuta kila mahali, ndipo akakumbuka dawati bovu lililoegemezwa nyuma ya darasa. Nilitaka kumwambia kwamba dawati lile nalifahamu, nililikalia mimi, na lilivunjika zama zetu. Badala yake nikakaa palepale sakafuni, juu ya ule mlango.

Mkutano wa wazazi ulipofika, mwenyekiti wa kamati alikuja na moto. Mali ya shule imeharibiwa, mwalimu mwenyewe hana hata mwaka, ajieleze, na kabati litengenezwe haraka na liwekwe makufuli mawili. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kabati lilivunjwa kwa sababu yeye aliondoka na ufunguo, kwa hiyo anayetaka maelezo ayadai kwake. Kijana aachwe afundishe.

Likabaki suala la matengenezo. Vichwa vikanigeukia. Nami nilikuwa nimekaa, nimeikunja tepu yangu mapajani.

"Bi Lini, leo umemeza ulimi?" mwenyekiti akanitania. "Hutuulizi litatengenezwa lini?"

"Sina haraka," nikasema.

Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. Aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamechoka sawasawa na yangu. Shingoni hakuwa na kamba.

"Matengenezo ya kabati," akasema polepole, "tutayaweka kwenye mpango."

"Yaweke, mwalimu," nikamwambia. "Yaweke kwenye mpango."