Mkono wa Kulia

Kwa miaka thelathini na mmoja Augustin aliitwa Dokta wa Foto, na hakuwahi kumkatalia mtu jina hilo. Daktari hakuwa. Hata diploma hakuwa nayo. Aliingia hospitalini kupiga deki, akahamishiwa chumba cha giza kuosha filamu, na humo ndimo marehemu Théophile, aliyejifunza kwa wazee wa hospitali ya mgodi, alimomfundisha mengine yote: namna ya kumsimamisha mgonjwa, namna ya kumwambia vuta pumzi, shika, usiachilie, na namna ya kubandika kwa plasta herufi mbili za madini ya risasi, D upande wa kulia na G upande wa kushoto, ili daktari asipotee. Droite na gauche. Kwa Kifaransa hicho hicho Augustin alisomesha watoto wanne na kutembea mjini Likasi kifua mbele.

Kisha mashini mpya ikaja. Haikutaka filamu wala chumba cha giza. Picha ilitokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati lake. Fundi aliyekuja kuifunga alizungumza Kiingereza, na mkalimani wake alikuwa na haraka ya kurudi Lubumbashi. Fundi akaonyesha herufi mbili za kubonyeza, R na L, akauliza kama imeeleweka. Mkurugenzi alikuwepo, wauguzi walikuwepo, na Danielle, msichana aliyekuja kufanya mafunzo ya kazi kutoka chuo cha tiba, alikuwepo na daftari lake. Sasa Augustin angefanyaje mbele ya watu wote hao? Akatikisa kichwa, "Oui, oui," kana kwamba yeye na mashini ile wamezaliwa pamoja.

Walipoondoka akabaki anaitazama ile L. Wala hakujisumbua sana. Kwao mtoto akianza tu kukaa anafundishwa kwamba huu ndio mkono wa kulia, kwa sababu ndio wa kulia bukari, ugali wa kwao. L, lia. Jambo lilikuwa wazi. R akaipa kushoto kwa kuwa ndiko kulikobaki, na akaitafutia hata Kifaransa chake: reste, baki. Akajipongeza.

Danielle alijaribu mara moja, wiki ya kwanza, benchi likiwa limejaa wagonjwa.

"Papa, hii L, njo ya upande gani?"

Augustin akawageukia wagonjwa. "Munasikia? Miaka tatu ku chuo, na anauliza mukono ya kulia ni gani!"

Benchi zima likacheka. Danielle naye akacheka kidogo, akainamia kompyuta, na hakuuliza tena. Kuanzia siku hiyo kazi yao ilikwenda hivi: mzee anampanga mgonjwa, anaweka herufi, anapiga, msichana anabaki nyuma kuzituma picha kwa madaktari. Augustin aliupenda mpango huo. Mambo ya kutuma aliyaona ni ya watoto.

Jumanne moja, wiki tatu baada ya mashini kufungwa, Danielle alikwenda Lubumbashi kupeleka kazi yake ya mwisho chuoni. Asubuhi hiyo simu ya Augustin ililia mara tatu, naye akaona jina la Danielle, akaizima. Alikuwa na mgonjwa, na mtoto yule, alijisemea, hawezi kukosa swali la upuuzi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Suzanne, mama wa makamo anayeleta samaki kutoka ziwa la Tshangalele. Alikuwa anahema vibaya, neno moja kwa pumzi moja, na ameshika mbavu zake za kulia.

"Papa, ni huku. Huku njo kunanikaba."

"Mama, acha mashini iseme. Mashini haidanganyake."

Akampanga, akabonyeza L kwenye upande wake wa kulia, akapiga, akaituma picha yeye mwenyewe. Kutuma kulimchukua nusu saa, lakini akakumaliza.

Dokta Élysée, kijana aliyekuwa zamu, aliona upande mmoja wa kifua umejaa maji, weupe mtupu, na juu yake herufi L. Yeye alijua L ni left, kushoto. Aliona pia moyo umekaa upande wa R, akaona ndiyo hivyo, maji mengi husukuma moyo. Suzanne alimwambia naye kwamba maumivu yako huku. Daktari akamjibu kwa upole kwamba picha inaonyesha kule. Sindano ya kutoa maji ikaingia kushoto, kwenye pafu zima, pafu pekee lililokuwa linafanya kazi. Ilichukua alasiri nzima, mipira miwili ya kifuani na chupa yote ya oksijeni iliyokuwepo kumrudisha yule mama.

Alhamisi asubuhi mkurugenzi akawaita Augustin na Danielle kwenye chumba cha mashini. Alikuwa amekwisha kuifungua kompyuta kutafuta chanzo cha kosa la Jumanne.

"Hii mashini inaandikaka kila kitu," alisema. "Angalia. Picha makumi sita na mbili, herufi zimebadilishwa. L imefutwa, R imewekwa. R imefutwa, L imewekwa. Na kila mara jina ni moja. Danielle. Weye uko unacheza na bifua bya bantu?"

Danielle alitazama viatu vyake.

"Ulibadilisha, ao haukubadilisha?"

"Nilibadilisha, docteur."

"Juu ya nini?"

Danielle alimtupia Augustin jicho mara moja tu, akalirudisha sakafuni, na jicho lenyewe halikuwa na lawama. Lilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Augustin akasoma tena orodha kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Picha zake zote. Alizopiga yeye, alizoweka herufi yeye. L haikuwa lia. Haikuwa imewahi kuwa lia, hata siku moja, na mtoto huyu alikuwa akipita nyuma yake kila siku kufuta uchafu wake bila kumwambia mtu.

"Papa Augustin," mkurugenzi akasema, "weye uko hapa miaka makumi tatu. Uliona kitu?"

Neno moja lingetosha.

"Apana," alisema. "Minye sikuona kitu."

Mkurugenzi akamwambia Danielle avue blauzi ya hospitali, lile koti jeupe la kazi, aende nyumbani. Barua ingetumwa chuoni kabla ya Jumamosi: mafunzo yamefutwa, na sababu yake imeandikwa. Na chuo gani kingempa diploma mtu aliyeandikiwa hivyo? Augustin alitoka akiwa amekunja uso kama mtu mwenye shughuli nyingi. Aliona haya mpaka kivuli chake akakikwepa.

Alimkuta nyuma ya ghala la dawa, anakunja blauzi vizuri, kola juu.

"Danielle. Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini, papa? Niseme papa mwenye alinifundisha kazi hajue kuume na kushoto? Mbele ya docteur?" Akaiweka blauzi kwenye mfuko. "Siku ile bantu balicheka, nilisema afazali nirekebishe polepole, mpaka utaona weye mwenyewe."

"Jumanne ulinipigia simu."

"Nilitaka kukuambia. Juu siku ile sikuwa hapa ya kurekebisha."

Msichana akampa mkono wa kwaheri, akikishika kiwiko chake kwa heshima, namna mtoto wa watu anavyomuaga baba. Heshima ile ndiyo iliyommaliza. Angetukanwa, angeweza kukasirika.

Saa sita wafanyakazi wote walikuwa kwenye kikao cha wiki, viti vimejaa, wengine wamesimama mlangoni. Augustin akapita katikati yao, hakungoja kupewa nafasi.

"Danielle hana kosa," alisema. "Herufi ni minye. Nilifikiri L ni ya kulia. Kulia bukari."

Muuguzi mmoja akapasuka kucheka, na kicheko kikashika chumba kizima. Watu aliowapiga picha, watu waliomwita Dokta, walikuwa wanajifuta machozi. Augustin alisimama pale pale. Mkurugenzi peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo picha yote ya wiki tatu ilikuwa mubaya?"

"Yote. Mutoto alizirudisha sawa. Ilibaki moja tu, ya mama Suzanne."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Dokta Élysée alifunika uso kwa viganja. Mkurugenzi akanyoosha mkono, na Augustin akampa ufunguo wa chumba cha mashini. Danielle akapigiwa simu arudi mchana ule ule.

Angeweza kwenda nyumbani basi. Lakini alipita wodi ya wanawake. Suzanne alikuwa ameegemea mito miwili. Mpira wa kulia ulikuwa umekwisha kutolewa, wa kushoto bado ulitoka ubavuni ukishuka mpaka kwenye chupa sakafuni. Alipomwona akatabasamu.

"Docteur ya foto! Mungu akubariki, papa. Bila foto yako ningekufa."

Augustin alikaa kwenye ukingo wa kiti. Akamweleza yote, hata ile habari ya bukari, bila kuipamba. Tabasamu la mama yule lilikwenda likiisha taratibu.

"Si nilikuambia ni huku?"

"Uliniambia, mama."

"Ukasema mashini haidanganyake."

"Mashini haikudanganya. Ni minye."

Augustin akasimama, akainama, akanyoosha mkono wa kulia kumuaga na kumwomba msamaha. Suzanne aliutazama mkono huo kwa muda. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, mzima, hauna hata sindano. Hakuuinua. Akakunja uso kwa maumivu ya mbavu, akainua wa kushoto pole pole, ule usiopewa mtu mzima, akampa huo.

Augustin akaupokea kwa mikono miwili.