Swali Lililorukwa

Magige alimalizwa na watu wawili wenye huruma.

Alikuwa kijana mkubwa mwenye akili ya mtoto wa kunyonya, ndivyo Kenyamonta nzima tulivyosema. Baba yake, Waitara, alikuwa ameapa kwamba kanisa likimkataa mwanawe, atamhamishia kwa ng'ombe ng'ambo ya Mto Mara. Katekista Nikolaus akawahurumia wazazi. Kila jioni alimkaririsha Magige majibu ya ubatizo, moja baada ya jingine, mpaka akayashika yote kwa mpangilio.

Siku ya mtihani padre naye akamhurumia. Ili kumpunguzia maswali, akaruka la nani aliyekuumba, akaanza na la pili.

"Mungu ni wangapi?"

Magige akatoa jibu lake la kwanza. "Mungu."

"Nafsi zake ni ngapi?"

"Mmoja tu."

"Aliyezaliwa na Bikira Maria ni nani?"

"Tatu," akasema Magige, akatabasamu kama aliyefaulu darasa la kumi.

Kanisa zima lilicheka. Nikolaus alijua kilichotokea, lakini nani angemkatiza padre wa Kizungu?

"Mpeleke nyumbani, mama," padre akamwambia mama yake Magige.

Asubuhi Waitara alimkabidhi Magige fimbo ya kuchungia. "Haya, mura, kijana wangu. Ng'ombe hawaulizi maswali."

Wegesa, mama yake, akamsindikiza hadi mtoni. "Nani aliyekuumba?" akamuuliza.

Magige akajibu hilo na yote yaliyofuata, bila kukosea. Waitara, aliyetangulia na ng'ombe, akapiga mluzi, ng'ombe wakaingia majini, na Magige akawafuata.