Okidi ya Msituni

Asubuhi hiyo kaka yangu aliipangusa okidi yake kwa pamba na maji ya uvuguvugu, jani moja baada ya jingine, utadhani anamwogesha mtoto. Mimi nimesimama mlangoni na mkoba begani, namhimiza tutoke, naye hata habari hana. Tangu mkewe afariki mwaka jana amekuwa hivyo. Umwite mara tatu, ndipo akuulize kama umemwita.

Wifi yangu ndiye aliyeichuma, miaka arobaini iliyopita. Iliposhinda kikombe cha chama cha wapenda okidi, watu waliyatolea macho maneno ya kwenye kibao chake kidogo: imechumwa msituni, na jina la wifi chini yake. Enzi hizo ukishuka mlimani na matope mpaka magotini, unapigiwa makofi. Sasa kaka alitaka kitu kimoja tu, okidi ile ikae tena kwenye meza ya mashindano ya chama na jina la mkewe, kabla miguu haijamgomea kabisa.

Ukumbini aliyekuwa anapokea mimea ni binti yake mwenyewe, katibu wa chama. Alisoma kibao, uso ukamsawajika. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba okidi za msituni hazipokelewi siku hizi, wenzake wanauita huo wizi, na kanuni yenyewe aliiandika yeye. Nikamjia juu. Nilimuuliza mwizi ni nani, mama yake aliyemzaa? Alimgeukia baba yake.

"Baba, andika tu imeoteshwa kitaluni. Mimi nitafumba macho."

"Nikiandika hivyo," kaka alisema, "mama yako atakuwa hajawahi kuupanda ule mlima."

Binti akaanza kulengwalengwa na machozi. Akanishika mkono.

"Shangazi, si mama alichuma hii moja tu? Nikiwaambia hivyo huenda wakaelewa."

Ndivyo walivyomsimulia tangu utotoni, kwamba mama aliiona moja peke yake kwenye gogo lililoanguka, akaihurumia. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, lakini siku hiyo nilitamani uwe na kufuli. Nikamtazama kaka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Gunia zima," nikasema. "Nililibeba mimi. Zilikufa zote mwezi huohuo, ikabaki hii."

Aliniachia mkono. Sikumlaumu. Nilijiona mdogo, na uzee wangu wote huu.

Kaka alichomoa kibao kwenye chungu, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakitia mfuko wa shati. Kisha akamkabidhi binti yake chungu chenyewe, akamwambia aiweke hivyohivyo, bila kibao.

Aliiweka meza ya pembeni, nje ya mashindano. Watu walikuwa wakipita wanasimama, maana ilichanua vizuri kweli, maua saba meupe. Mama mmoja mwenye miwani akauliza ni nani aliyeilea okidi nzuri namna ile. Binti alituangalia pale tulipokaa, safu ya nyuma.

"Mwenyewe hajulikani," akajibu.

Kaka alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuko wa shati. Akaniambia turudi nyumbani, miguu inamuuma.