Ndege wa Kalenda

Paroko wa Kasulu alinituma ziwani nikapige picha za ndege kwa ajili ya kalenda ya parokia. Kutwa nzima nilipiga furukombe na mnandi. Jioni mtumbwi wa wakimbizi kutoka Burundi ukafika, ndege wote wakaruka. Nikatukana.

Akashuka mama mmoja, Ndayikunda, na mtoto mchanga mgongoni.

"Kaka, tupige picha. Baba yake, Nduwayezu, yuko kambini Kibondo. Hajamwona tangu azaliwe."

Nikamwambia kama ninavyowaambia wote studio, "Mshushe, mama. Mwamshe aangalie huku."

"Haamki. Amekufa njiani. Tunamzika hapa hapa."

Filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Akamlaza mtoto juu ya kitenge mchangani, akamfuta mdomo, akakaa kando yake. Mwanga ulikuwa hafifu, ikabidi niache lenzi wazi kwa sekunde kadhaa.

"Tulieni," nikasema.

Niliposafisha picha, mtoto alionekana vizuri hadi kope. Mama alitoka kama ukungu, kwa kutetemeka.

Nikaipeleka kambini. Nduwayezu aliishika kwa mikono miwili, mkewe akitazama chini.

"Pua ni yangu," akasema.