Biskuti za Kufa Jumamosi

"Biskuti zako zinakufa mapema mno," Mwenye Duka alimwambia Mama Uma, akimrudishia pakiti nne zilizolainika. "Tia poda hii ya kuhifadhi, zikae miezi mitatu. La sivyo, kesho rafu nampa mwingine."

Jina la Mama Uma alipewa na wateja, maana kila biskuti yake aliitoboa kwa uma mara tatu. Duka lile ndilo pekee lililouza bidhaa yake. Lakini jamani, akubali? Biskuti zake zilikuwa na vitu vinne: unga, siagi, sukari, yai. Cha tano hakijawahi kuvuka mlango wa jiko lake, na hakitavuka ng'o!

Asubuhi akamkuta wifi yake ameshaamka na kukanda, eti kumsaidia. Mama Uma akamega donge, akaonja, akatema.

"Wifi! Umetia ile poda?"

"Kijiko kimoja tu, nilichokwenda kuomba dukani. Kiburi si maungwana, wifi yangu. Tutalikosa duka."

"Basi tulikose!"

Donge zima likaenda jaani. Wifi akashika kichwa.

Mama Uma akaanza upya, hasira zote mikononi. Siagi na sukari mpaka zikalainika, yai, kisha unga kidogo kidogo, bila kukanda sana zisije zikawa mawe. Akasukuma, akakata kwa mdomo wa glasi, akatoboa, akaoka. Zilipopoa akazifunga, na juu ya kila pakiti akaandika kwa kalamu: *Nimezaliwa Jumatatu. Nakufa Jumamosi.*

Dukani, Mwenye Duka alisoma, akacheka mpaka akakohoa. "Nani atanunua kitu chenye siku ya kufa?"

"Mwenye akili zake. Chakula ambacho hata kuvu inakiogopa, tumbo la mtoto litakifanya nini? Rafu yako mpe umtakaye."

Akatoka. Mbele ya duka lile lile akapindua ndoo, akaweka sinia juu. Watu wakasoma, wakaguna, wakapita. Saa nzima hakuuza hata moja. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini hakusogea.

Wifi alikuwa pembeni, kanuna tangu asubuhi. Akachukua biskuti moja, akatafuna. Akachukua ya pili. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akageukia mlango wa duka na kupaza sauti:

"Njooni jamani! Hizi zinakufa Jumamosi! Zile za humo ndani zitatuzika sote!"